Nilikuomba mchango, sikukuomba uje

Rafiki yangu,

Barua yako ilinifikia siku mbili kabla hatujaondoka kwa baiskeli kuchangisha fedha za viti vya magurudumu. Niliikunja mara nne, nikaitia kwenye mfuko wa nyuma wa jezi, na humo ikakaa siku 6 na kilomita 540. Imenyeshewa, imelowa jasho, imeingia grisi, na mstari wako wa mwisho umefutika kabisa. Haidhuru, nimeshaukariri: "Mkimaliza kuwatembeza walemavu wenu ili mpigwe picha, uje unisimulie."

Nilinuna, sikufichi. Ningekujibu siku ileile ungepokea maneno ya kushika kwa koleo. Bahati yako nilikuwa na spoki za kukaza na mnyororo wa kubadilisha, hasira ikapoa kazini. Sasa nimerudi. Nimekalia mto, kwa sababu ambayo wewe, mtu uliyewahi kushinda juu ya tandiko la baiskeli, huhitaji kuelezwa. Nimeisoma tena barua yako, au tuseme mabaki yake, na nakiri kwamba nusu ya uliyoandika ni kweli. Nusu iliyobaki tutabishana.

Nianze na ile uliyopatia.

Asubuhi ya kuondoka tulijengewa jukwaa. Waendeshaji tulikuwa 38, na 7 kati yetu walikuwa na ulemavu wa namna moja au nyingine. Jukwaa lenyewe lilikuwa na ngazi 5, na hakuna aliyekumbuka kuweka njia ya mteremko. Mmoja wetu, kijana anayeendesha baiskeli ya mikono, alikuwa bado kwenye kiti chake cha magurudumu. Akawaambia waziwazi kwamba atasema yake akiwa palepale chini, maana waya wa kipaza sauti unafika. Ni kama hakusema kitu. Wanaume wanne walimnyanyua na kiti chake, huyu huku yule kule, kama kabati linalohamishwa nyumba, na watu wakapiga makofi. Nilimtazama usoni. Macho yake hayakuwa kwa watu. Alikuwa akilinda vidole visibanwe kati ya gurudumu na ukingo wa jukwaa.

Kisha akasimama mgeni wa heshima. Alitaja hesabu ya Shirika la Afya Duniani, kwamba watu wanaoishi na ulemavu mkubwa ulimwenguni wanafika bilioni 1.3, yaani mtu 1 katika kila watu 6. Hapo hakukosea. Lakini kila alipovuta pumzi alitoka na "ndugu zetu wasiojiweza". Mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nyuma yangu, kwenye tandiko la pili la baiskeli yetu, Mwalimu akaniinamia sikioni.

"Sisi wasiojiweza leo tunakwenda kilomita 92. Yeye anakwenda wapi?"

"Nadhani anakwenda kwenye gari lake," nikamjibu.

"Basi mpe pole kwa safari."

Huyu Mwalimu ndiye ningependa umfahamu. Ana miaka 56. Amefundisha hisabati sekondari karibu maisha yake yote ya kazi, na bado kila mtu humwita hivyo. Macho yake yaliibwa na glakoma, na anasema ilikuwa ikiiba kistaarabu, ikianzia pembeni na kuja katikati kidogokidogo, hata alipogundua, nyumba ilikuwa karibu tupu. Waandaaji walinikutanisha naye wiki 3 kabla ya safari. Mimi ningekaa mbele, yeye nyuma. Wa mbele huitwa rubani, cheo kikubwa kuliko kazi yenyewe, ingawa kwenye Paralimpiki baiskeli hizi za watu wawili zina daraja lake, na rubani huvishwa medali pamoja na mwenzake asiyeona. Nilimweleza hilo Mwalimu nikidhani nimemfurahisha. Akaniambia tujifunze kwanza kuondoka.

Na kweli siku ya kwanza tulianguka kabla ya kuondoka. Baiskeli ya watu wawili ina minyororo miwili. Wa kulia unakwenda kwenye gurudumu la nyuma kama unavyoujua, na wa kushoto unafunga krenki, vile vyuma vinavyoshika pedali, za mbele na za nyuma pamoja, hivyo pedali zote nne huzunguka kwa mpigo mmoja. Ukinyonga, naye ananyonga. Ukisimamisha miguu ghafla, magoti yake yanakula mshtuko. Mimi, kwa mazoea ya miaka ya kupanda peke yangu, niliegemea kushoto ili niweke mguu chini, sikusema neno. Yeye akahisi baiskeli inalala, akajitupa kulia. Tukaenda chini wote, na usukani ukanipiga ubavu.

Mwalimu akakaa palepale kwenye vumbi akijipangusa viwiko. "Mimi sioni," akasema. "Wewe husemi. Kati yetu sisi wawili, mlemavu wa leo ni nani?"

Tangu hapo nikajifunza kusema. Tulitunga maneno yetu mafupi. "Pumzika", miguu isimame. "Tuta", inuka kidogo kwenye tandiko. "Gia", punguza nguvu nibadilishe. "Kona" sikuhitaji sana, alishaanza kuihisi kiunoni. Siku ya pili ya safari akawa ananiambia yeye: "Lori nyuma, limeshusha gia, linataka kupita." Nageuka, lori lipo. Masikio yangu yalikuwa yamejaa upepo tu.

Kilichonishinda ni kumweleza mandhari. "Milima," namwambia. "Mingapi? Mkubwa uko upande gani? Una miti mpaka juu au umenyolewa?" Nikajikuta natazama kuliko nilivyowahi kutazama barabara yoyote. Kile kifaa changu cha kwenye usukani kiliposema mwinuko ni asilimia 8, nikamsomea, nikamwambia pia kwamba kibao kinaonyesha tutapanda hivyo kilomita 3. Kimya kidogo, halafu: "Mita 240. Ni jengo la ghorofa kama 80. Haya, twende dukani kwa ngazi." Nilicheka nikapoteza pumzi, na hapo ndipo mlima ulipoanza.

Ngoja nikwambie siri ya baiskeli hii ambayo hakuna aliyenitahadharisha. Huwezi kujua nani anafanya kazi. Mlimani, miguu ikiwaka, shetani anakunong'oneza kwamba mwenzako amestarehe anazungushwa tu. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, nami siku mbili nzima niliamini kanda la usufi liko nyuma yangu, anaumia mmoja tu, mimi. Siku ya tatu, kama kilomita 70 hivi, msuli wa paja langu la kulia ukakaza kama kamba ya kuanikia nguo. Sikusema, nikaona haya. Niliacha miguu yangu ielee tu juu ya pedali, nikingoja baiskeli isimame.

Haikusimama. Ilipungua mwendo kidogo, basi. Pedali zikaendelea kunichukua miguu juu na chini, juu na chini, pole kwa pole, kama mtoto anayefundishwa. Baada ya dakika kama tano Mwalimu akauliza kwa sauti ya mtu anayeuliza saa, "Umepona, au niendelee kupakia abiria?" Alikuwa amejua tangu msuli ulipokaza. Na nilipoona haya mara ya pili, ilikuwa kwa sababu ya zile siku mbili.

Mteremko nao ulikuwa na mambo yake. Sisi wawili na baiskeli tulikaribia kilo 160, na uzito huo ukishaanza kuteremka hauna huruma na breki za rimu. Breki zinakamata rimu, rimu inapata moto, moto unaingia kwenye tyubu, na tairi linaweza kupasuka ukiwa kwenye mwendo ambao hutaki kitu chochote kipasuke. Hilo nilikuwa nalijua kwa kuambiwa. Tukawa tunashuka kwenye kona nyingi, mimi nimeng'ang'ania breki, macho barabarani, najiambia tutapumzika chini. Mwalimu akanigonga mgongoni: "Kuna kitu kinaungua." Mimi sikunusa kitu. "Nakwambia kuna kitu kinaungua. Simama." Tukasimama. Nilidondosha maji kutoka kwenye chupa juu ya rimu ya nyuma, yakalia *chaa* kama kwenye kikaango. Tulikaa pale robo saa tukingoja chuma kipoe, wenzetu wakitupita na kutupigia kengele. Uniambie wewe nani alikuwa anamwongoza nani.

Sasa yule kijana wa jukwaani. Baiskeli yake inampandisha nusu amelala, miguu mbele kwenye vishikio, na krenki ziko usawa wa kifua. Mikono yote miwili husukuma pamoja, haipokezani kama miguu. Iko chini mno, kiasi kwamba dereva wa gari refu anaweza asiione, ndiyo maana ina kibendera kirefu nyuma. Uti wake wa mgongo uliumia juu kifuani, na nilichokuwa sijui ni kwamba mtu aliyeumia hivyo hatoki jasho sehemu iliyo chini ya jeraha. Joto likipanda, mwili hauna njia ya kujipoza. Kwa hiyo nyuma yake alikuwa na mwenzake mwenye kinyunyizio, kile cha kunyunyizia maua, anampuliza maji shingoni na kifuani kila baada ya muda. Watu wa pembeni mwa barabara walidhani ni mzaha. Jioni, kabla ya kuoga, kabla ya kula, anachukua kioo kidogo anakagua ngozi yake ya nyuma, maana pale hahisi kitu, na kidonda cha mgandamizo huanza kama doa jekundu tu.

Alinieleza kwa nini hakosi kukagua. Baada ya ajali alipewa kiti cha magurudumu cha msaada. Kiti kizuri, kipya, kinang'aa, na kikubwa kwake kwa saizi mbili. Alikuwa akiteleza humo akikaa upande, ngozi ikasuguliwa, ikafunguka. Alilala kifudifudi miezi minne. "Kile kiti," anasema, "nilipigwa nacho picha."

Unaona nilivyokuwa na neno lako mfukoni, na neno lake sikioni?

Usiku wa nne tukagombana. Fedha zilikuwa zinaingia vizuri, watu waliahidi kwa kilomita na sisi kilomita tunazo. Wenye kamati wakasema hesabu inatosha viti vingi, vitapangwa mstari siku ya kufika. Yule kijana akauliza nani atawapima watu. Kimya. Akauliza tairi likipasuka au beringi ikifa, nani atatengeneza. Akasema jambo ambalo Shirika la Afya Duniani limelieleza tangu kwenye mwongozo wake wa 2008, kwamba kiti cha magurudumu ni huduma nzima: kupima, kurekebisha, kumfundisha mtu kukitumia, kukitengeneza kikiharibika. Mmoja wa kamati, mtu mwema tu, sisemi kwa ubaya, akajibu kwamba wachangiaji wanapenda kuona idadi.

Mwalimu alikuwa amenyamaza muda wote anapaka dawa kwenye kiwiko. Akasema, "Ukigawa jozi 100 za viatu vya namba ileile kwa watu 100, utakuwa umevisha wangapi?" Halafu akawakumbusha Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 2006 kuhusu haki za watu wenye ulemavu, Ibara ya 30, inayohusu michezo na burudani, akasema humo hajaona mahali pa kubebwa ngazini. Kuna waliocheka na kuna walioinamisha vichwa. Mwishowe wakakubaliana nusunusu: viti vipungue, sehemu ya fedha iende kwa kupima na kwa vipuri na kwa kufundisha mafundi wawili. Si ushindi mkubwa. Jukwaa la kufikia, hata hivyo, lilikuwa chini, usawa wa barabara. Hakuna aliyebebwa. Hotuba zilikuwa ndefu vilevile.

Hapo ndipo ninapobishana na nusu yako ya pili. Uliandika kana kwamba wale 7 walikuwa mizigo yetu. Hukuwaona siku ya tano, mvua na upepo wa mbele, wakati kundi lilipovunjika vipandevipande na waliofika wa kwanza kituoni, wakituacha sisi wengine tunakokota tope, ni kijana wa mikono na mwanamke mmoja mwenye mguu bandia. Baiskeli ya chini upepo hauikamati. Huyo mwanamke nitakueleza, maana ni yeye aliyenikosesha usingizi.

Mguu wake umekatwa chini ya goti, wa kushoto, kama wako. Nilimtazama siku ya kwanza kwa wizi, ya pili kwa wizi, ya tatu akaniambia kama nina swali niulize, kukodolea macho kutanipinda shingo. Nikauliza yote. Akanionyesha kwamba krenki ya upande wa mguu bandia ni fupi kuliko ya upande wa pili, kwa sababu pedali ikifika juu goti hukunjwa sana na ukingo wa kikombe cha mguu bandia, kile kigutu kinamoingia, unamchoma nyuma ya goti. Krenki ikiwa fupi, goti halikunjwi mno. Kiatu cha mguu ule amekifunga kwenye pedali kwa klipu, maana hauhisi ukiteleza, na klipu yenyewe imesogezwa nyuma kidogo kuelekea kisigino, kwa kuwa kifundo bandia hakisukumi kama cha nyama. Anabeba soksi za kigutu tatu au nne. Asubuhi anavaa moja nene. Mchana, kigutu kikishapungua, anaongeza nyingine. Akishuka kwenye baiskeli hutanguliza mguu wake mzima, kila mara, hata akiwa na haraka. Ni hayo tu. Hakuna muujiza humo. Ni spana na soksi.

Usiku ule sikulala. Nilikuwa nahesabu. Miaka minne tangu gari likugonge. Miaka minne nimekuletea magazeti, nimekuletea habari za watu, nimekaa nawe tukiongea kila kitu isipokuwa baiskeli, nikidhani nakusitiri. Na safari hii ilipotokea, nikakuandikia kukuomba mchango. Wewe! Mtu aliyenifundisha kuziba pancha. Nilikuomba fedha kwa ajili ya "watu wenye ulemavu", na haikunipitia akilini hata mara moja kukuomba uje. Ulikuwa na haki ya kuandika ule mstari. Ungeandika mkali zaidi.

Kuna Mghana mmoja, Emmanuel Ofosu Yeboah, aliyezaliwa na mguu mmoja wenye hitilafu. Aliiandikia taasisi moja ya Marekani, Challenged Athletes Foundation, akiomba baiskeli. Wakampa. Mwaka 2001 akavuka nayo Ghana, takriban kilomita 600, akinyonga kwa mguu mmoja, kabla hata hajakatwa ule mwingine na kuwekewa wa bandia. Kijana wa mikono ndiye aliyetusimulia, na tangu hapo nimekuwa nikizilinganisha zile barua mbili, yake na yangu kwako. Yake ndiyo iliyojua inataka nini.

Kwa hiyo hii ndiyo barua ninayopaswa kuwa nimeandika mwanzoni. Baiskeli yako ipo kwangu. Ulisema niiuze, sikuiuza. Imetundikwa ukutani, nimebadilisha kebo za breki, na tairi za mbele na nyuma ni mpya. Nimepima krenki zako, ni milimita 170, na fundi anasema ya kushoto tunaweza kuitoa tukaweka fupi, bila kugusa kitu kingine. Safari nyingine ni mwakani. Mimi nimeshaahidiwa kwa Mwalimu, kwa hiyo sitakuwa rubani wako wala msukumaji wako. Utanyonga mwenyewe, na mlimani utatuacha, maana sisi wawili ni wazito.

Ninachohitaji ni hiki. Keti kwenye kiti, vaa mguu, kunja goti uwezavyo, kisha uniandikie ukingo wa kikombe unakugusa wapi na unaanza kuuma goti likiwa limefika wapi. Mwambie mtu akupige picha ya ubavuni. Nipe na namba ya kiatu unachovaa upande ule, najua zimetofautiana. Na kama hutaki, niandikie hilo pia, sitanuna. Ila baiskeli itabidi uje uishushe mwenyewe ukutani, mimi siileti.

Wako,
yule uliyemfundisha kuziba pancha